Tope moja, miaka thelathini: kisa cha mikoko ya Gazi

Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, watafiti waliwahi kuchagua vipande kumi vya msitu wa mkoko. Vitano wakaviacha kama walivyovikuta. Katika vitano vingine wakabambua gome kuzunguka shina, miti ikafa imesimama, kisha wakaikata. Mtu akikuhadithia hayo bila maelezo utashangaa, kwa sababu hao waliokuwa wakibambua magome ndio wale wale waliokuwa wakihimiza mikoko isikatwe.

Walikuwa na swali ambalo mti ulio hai hauwezi kulijibu. Kila anayesimamia msitu wa umma huulizwa jambo hilo: mtu mmoja akiingia na panga, akatoka na mzigo mmoja wa miti, kuna ubaya gani? Msitu si umebaki? Hasara ya msitu uliofyekwa wote ilikuwa inajulikana. Ya ukataji mdogo mdogo, ule unaofanyika siku zote, haikuwa na namba.

Namba ikapatikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, mwandishi wa kwanza akiwa Joseph Lang'at wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya. Pale palipokatwa, uso wa tope ulishuka kwa wastani wa milimita 32.1 kwa mwaka. Pale palipoachwa, ulipanda milimita 4.2 kwa mwaka. Chini ya mkoko kuna mizizi mingi iliyosokotana, nayo ndiyo inayolibeba tope. Mti ukifa, mizizi hiyo huoza, nafasi zake huporomoka, na tope hujikandamiza kama godoro kuukuu. Wakati huo huo gesi zilizokuwa zimefungiwa chini, kaboni dioksidi na methani, zilitoka kwa wingi zaidi.

Namba hizo zinahitaji kusomwa taratibu. Kipande kilichokatwa kilipoteza kwa mwaka mmoja kimo ambacho msitu hai ungehitaji zaidi ya miaka saba kukijenga. Na bahari yenyewe inapanda milimita kadhaa kila mwaka. Maana yake msitu ulioachwa Gazi ulikuwa ukienda sambamba na bahari, na ule uliokatwa ulikuwa ukizama. Kwa mtu wa pwani, ambaye nyumba yake iko nyuma ya mikoko, hilo ni suala la ukuta wa nyumba na kisima cha maji matamu.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu linaonyesha utafiti wa Gazi ulikuwa wa aina gani. Halikuwa swali la kutafutia shahada. Lilikuwa swali la askari wa misitu na la mzee wa kijiji, likapelekwa msituni, likapimwa, likarudi na jibu linaloweza kusemwa barazani.

Sasa tuulize msitu ni wa nani. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi za ukoloni. Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na inataja pia ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa hiyo mkoko una umma wa mara mbili: kama msitu, na kama ardhi inayofunikwa na maji. Mvuvi aliyezaliwa Gazi, ambaye babu yake alikata boriti za nyumba humo humo, kisheria hana hata mti mmoja. Mwenye dhamana ni serikali kupitia KFS, huduma ya misitu. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Wakati huo wote watu walikuwa wakikata. Boriti za mikoko za pwani yetu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za huko ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilizuia kusafirisha nje mwaka 1982. Gazi yenyewe iliumizwa zaidi na tanuri: katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu zingine zilibaki wazi kabisa, tope jeupe la chumvi, na miaka ikapita bila mti kujiotea. Mwaka 1997 ikaja marufuku ya ukataji. Marufuku hutangazwa kwa siku moja. Haja ya fito na kuni haiondoki kwa tangazo.

Pale palipokuwa wazi ndipo kazi ya pamoja ilipoanzia. Tangu mwaka 1991 James Kairo wa KMFRI na wenzake walianza kupanda upya, wakishirikiana na wanavijiji. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, ni rahisi kuupanda kuliko watu wanavyodhani: tunda lake refu kama kijiti huota likiwa bado juu ya mti, nawe kazi yako ni kulichomeka topeni. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kukabili bahari, una mbegu ndogo na hutaka kitalu kwanza, kisha ukipandwa hupigwa na mawimbi. Kila mti una mahali pake kulingana na maji yanavyoufikia. Mchu, kwa mfano, pale Gazi unakaa pande mbili, karibu na bahari na tena nyuma kabisa upande wa bara. Ukipanda mti sahihi mahali pasipo pake umetupa miche na nguvu za watu, na pwani zote za dunia zimejaa maonyesho ya aina hiyo, miche iliyopandwa mbele ya kamera ikafa kabla ya mwaka.

Gazi walipanda, kisha wakafanya lile ambalo wapandaji wengi hawalifanyi. Walirudi kupima.

Shamba la mkoko lililopandwa mwaka 1994 lilipimwa likiwa na miaka 12. Urefu wa wastani ulikuwa mita 8.4, kipenyo cha wastani sentimita 6.2, mashina 5,132 kwa hekta, na uzito wa miti mikavu juu ya ardhi tani 106.7 kwa hekta. Watafiti wengine, akiwamo Jared Bosire, walilinganisha sehemu zilizopandwa, msitu wa asili, na sehemu zilizoachwa wazi. Waliwakuta kaa na wadudu wa tope wamerudi katika sehemu zilizopandwa, na chini ya miti iliyopandwa wakakuta miche ya aina nyingine za mikoko ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Hapo sasa msimamizi ana la kusema: shamba lililopandwa linaweza kuwa msitu.

Tazama kipimo chenyewe kinavyofanyika. Mti wa bara hupimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko haukubali utaratibu huo. Shina lake halifiki chini; linaning'inia juu ya magongo ya mizizi yaliyopinda, na mengine hutokea juu ya kichwa cha mtu mfupi. Basi futi ya kamba hufungwa sentimita 30 juu ya gongo la juu kabisa. Ili kulifikia unakanyaga mizizi yenye utelezi na chaza wa kukata miguu, saa ikikuhesabia, maana kazi yote ni kati ya kupwa na kujaa. Anayejua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, hahitaji kufundishwa ratiba. Ndiyo maana naamini ushirikiano wa wanavijiji katika utafiti huu haukuwa wa picha. Bila wao, vipimo hivyo visingetoka vyema, kwa sababu mgeni asiyejua kutembea mkokoni hupima miti iliyo karibu na ukingo na kuiacha ya ndani.

Na lugha nayo ilichangia. Wakataji wa pwani wana vipimo vyao vya miaka mingi: fito, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo, kila kimoja unene wake na kazi yake, na huhesabiwa kwa korja, miti ishirini ishirini. Wanasayansi wa mikoko ya Kenya walivichukua vipimo hivyo wakavipa sentimita, navyo vimo katika makala zao kwa majina hayo hayo. Sentimita 6.2 za shamba la 1994 ni pau. Mtu wa Gazi akiambiwa kwamba miaka 12 imempa pau zaidi ya elfu tano kwa hekta, ameelewa ripoti nzima bila kuisoma. Sijui njia bora zaidi ya kumfikishia mtu matokeo ya utafiti kuliko kumpa kwa kipimo anachonunulia na kuuzia.

Kutoka hapo ndipo likaja wazo la kuuza hewa ya ukaa: mtu wa mbali anayetaka kufidia hewa chafu yake hulipia kila tani ya kaboni dioksidi ambayo msitu umeizuia, naye hupewa cheti. Ukijua unene wa miti unapata uzito wake, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kwa kuwa vipimo vya miaka mingi vilikuwapo tayari, KMFRI na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, ambako Mark Huxham alikuwa akifanya kazi na Gazi kwa muda mrefu, waliweza kuonyesha msitu unaongezeka kiasi gani na ungepoteza kiasi gani kama ungeachwa ukatwe. Mradi ukaitwa Mikoko Pamoja. Ulisajiliwa na Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya aina hii, mwaka 2013, ukawa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza vyeti vya hewa ya ukaa ya mikoko. Eneo lake ni hekta 117 kati ya hekta zipatazo 615 za mikoko ya ghuba, na hesabu yake ni tani zipatazo 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Vyeti huuzwa kupitia ACES, shirika la hisani la Scotland. Fedha huja kwa kamati inayochaguliwa na wanavijiji wa Gazi na Makongeni.

Sheria ilibidi iruhusu. Sheria ya misitu ya 2005 iliwapa wananchi waliojiunga katika chama cha jamii cha misitu nafasi ya kufunga makubaliano na KFS ya kusimamia msitu kwa pamoja. Bila kifungu hicho, hekta 117 zingekuwa za serikali tu, na jamii isingekuwa na cha kuuza. Utafiti ulileta kipimo, sheria ikaleta haki ya kutumia kipimo hicho, na kimoja bila kingine kisingefika popote. Watu wengi husimulia kisa cha Gazi kama ushindi wa sayansi wakaisahau karatasi ya makubaliano.

Fedha zenyewe si nyingi. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka. Vijiji viwili hivyo vina watu zaidi ya 5,000. Ukigawa, kila mtu anapata dola mbili na senti. Ndiyo maana uamuzi wa kutogawa ulikuwa wa busara sana: fedha zilikwenda kwenye maji ya kunywa, kwenye shule, vitabu na ukarabati wa madarasa, yaani mambo ambayo mama anayeteka maji anayaona kwa macho. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pembeni yake akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya msitu, wageni hulipa kuingia, na kikundi kina mapato yasiyotegemea soko la hewa.

Sasa nifike kwenye yale yanayonikera, maana kisa hiki hupambwa mno.

La kwanza ni gharama ya utafiti wenyewe. Dola 12,000 kwa mwaka hazingeweza hata kidogo kulipia miaka ishirini ya kupima iliyotangulia. Hiyo ililipwa na serikali ya Kenya kupitia mishahara ya KMFRI, na ruzuku za nje, pamoja na watu wa kujitolea wa kigeni waliokuja na Earthwatch, shirika linalopeleka watu kuwasaidia watafiti, kubeba futi na daftari. Kijiji kingine kikitaka kuiga Gazi hakiwezi kuanzia kwenye kuuza vyeti. Lazima mtu awe ameshakaa na msitu wake muda mrefu, na muda huo haumo katika bajeti ya mradi wowote wa miaka mitatu. Wafadhili wanapenda kuzindua. Kurudi kupima mwaka wa kumi na mbili hakuna utepe wa kukata.

La pili ni kuni. Mkoko ukilindwa, yule mama aliyekuwa akiokota kuni humo anakwenda wapi? Wapangaji wa mradi waliliona hilo, wakapanda mivinje nje ya msitu ili kuni na fito vipatikane huko, kwa sababu ukilinda hekta 117 halafu watu wakahamia hekta za jirani hujalinda kitu. Hiyo ni hesabu ya uaminifu. Lakini mvinje una miaka yake ya kukua, na jiko halisubiri. Katika hesabu za mradi wa aina hii tani za hewa huandikwa hadi nukta ya mwisho. Mwendo wa ziada wa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hauandikwi. Ningependa siku moja mtu aupime kwa uangalifu ule ule wa milimita 32.1.

La tatu ni lile la umiliki nililosema tutalirudia. Makubaliano ya usimamizi wa pamoja yana muda, na yanaweza kuisha. Mnunuzi wa vyeti yuko mbali, na bei ikianguka Ulaya maji ya Makongeni yanaathirika. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, ikaweka kwamba miradi ya hewa ya ukaa inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na pawe na mkataba wa maendeleo na jamii. Kwa sehemu nyingi za Kenya hiyo ni hatua mbele, kwani kuna mikataba ambayo wenyeji waliisikia redioni. Ila hatari ya kiwango cha chini ni kwamba hugeuka kuwa cha juu. Gazi ilijengwa kwa fikra nyingine: mradi ni wa jamii, na watafiti na mashirika ni wasaidizi. Anayekuja kesho na sheria mkononi akasema asilimia 40 inatosha atakuwa amerudi nyuma ya pale Gazi ilipofika 2013.

Kuna mahali pa kulinganisha. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma nchi nzima, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakajikuta hawana kazi. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mpango wa kitaifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unahesabu hekta 61,271 kwa nchi nzima, na sehemu ya Lamu ni zaidi kidogo ya asilimia 60. Mkataji wa Lamu anayechagua boriti moja moja hawezi kuwekwa kapu moja na anayefyeka msitu wa mlimani kwa msumeno wa mashine. Amri moja ya nchi nzima haikuwa na jicho la kuona tofauti hiyo. Jicho hilo hutengenezwa na vipimo vya mahali, kama vya Gazi, vinavyosema aina gani, unene gani, kipande kipi, na baada ya miaka mingapi.

Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianza mradi wao mwaka 2019 kwa hekta 460, karibu mara nne ya Gazi. Hawakulazimika kuanzia kwenye tope tupu. Njia ya kupima ilikuwapo, mfano wa kamati ulikuwapo, na wazee wa huko walikuwa na mahali pa kwenda kuona kwa macho na kuuliza maswali kwa Kiswahili na Kidigo. Nadhani hayo mazungumzo ya kijiji kwa kijiji yaliwasaidia kuliko ripoti yoyote.

Usajili wa Mikoko Pamoja ulikuwa wa miaka 20, hadi 2033. Mwaka huo shamba la 1994 litakuwa na miaka 39, na pau zile zitakuwa zimeshapita unene wa pau. Nyumba za Gazi bado zitahitaji miti. Kabla ya mkataba mpya kuandikwa, natamani vipande vingine kumi vipimwe, safari hii vya miti iliyopandwa, vitano vikipunguzwa kidogo kwa mkono wa mkataji mzoefu na vitano vikiachwa, tope lake likifuatiliwa mwaka hadi mwaka, ili baraza likiuliza kama familia inaweza kutoa korja moja ya boriti bila msitu kuzama, awepo mtu wa kusimama na kujibu kwa namba.